Neno Nililomsomea Mama Adow

—wako hai! Hivyo ndivyo nilivyosema, Tuneya, wako hai! Kwa kipaza sauti! Mbele ya Garsen nzima, wanaume kulia, wanawake kushoto, na sauti yangu inatoka kwenye lile bomba la juu ya gari mpaka ng'ombe wa ng'ambo wanainua vichwa! Na si kweli, shoga yangu. Si kweli hata kidogo. Funga mlango. Chai usinipe.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe umeletwa shule hii juzi tu, hujui nani ni nani.

Unalijua lile duka la bati jekundu karibu na kivuko? Ni la Gedi. Yule mrefu, mwembamba, mwenye kovu kwenye nyusi. Akikupimia sukari haangalii mizani, anakuangalia wewe. Usicheke! Mimi mwenyewe nilicheka, mwaka jana, nikarudi hapa na sukari ratili moja nisiyoihitaji. Kesho yake nikaenda tena.

Lakini si sukari iliyotukutanisha. Ni barua.

Gedi ana kaka yake, Adow, aliyekwenda vitani Bama, huko Asia ng'ambo ya bahari, mwaka wa arobaini na nne, dereva wa malori ya jeshi. Ikaja barua moja tu, kaandikiwa na rafiki yake kwa Kiswahili cha herufi za Kizungu. Halafu kimya. Miaka kumi na miwili, Tuneya, kimya. Mama yao anaitwa Deka, lakini mji mzima unamwita Mama Adow, na yeye ukimwita jina jingine haitiki. Hajui kusoma. Gedi kasoma chuoni kwa maalim, Kurani anaijua vizuri, herufi za Kizungu ndizo zinampiga chenga. Basi nilipofika hapa nimetoka chuo cha ualimu na viatu vyangu vya ngozi na kiburi changu, akaja kuniomba: "Mwalimu, mama anataka kusikia barua ya mtoto wake. Kila Ijumaa. Utaweza?"

Nikaweza. Kila Ijumaa baada ya sala nakaa kwenye kigoda chake, namsomea. Mistari kumi na miwili tu, naijua yote kichwani. "Mama, sijambo. Niko kampuni ya arobaini na mbili. Hapa kuna mto mkubwa kama wetu, lakini hauna mamba. Fahali mwekundu ni wa Gedi. Mwambie Sahra asikate nywele." Mama Adow anasikiliza macho kafumba, nikimaliza ananishika kidevu, ananiambia, "Mdomo yako iko safi, Mwalimu. Wengine nasoma haraka kama nafukuzwa na simba. Wewe nasoma kama Adow nasema."

Na Gedi amekaa mlangoni.  Mimi nasoma neno la kaka yake, yeye ananitazama mimi, nami najua ananitazama, na nikifika pale pa "fahali mwekundu" sauti yangu inapotea kidogo. Miezi minane hivyo! Siku moja akanisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza, "Mwalimu, barua ikiisha utaacha kuja?"

"Barua haiishi, Gedi. Tunairudia tu."

"Basi na irudiwe," akasema, "mpaka nizeeke nikiisikiliza."

Shoga, nilitembea kutoka pale mpaka hapa bila kujua kama niliikanyaga ardhi.

Ndugu zetu? Wee! Shangazi Kibibi aliposikia alipanda mtumbwi kutoka kwetu Ozi makusudi, kaja na kanga mbili na maneno mia. "Mwanaarusi, wale watu wanahama na ng'ombe! Na ng'ombe hao hao walikula mpunga wa babako mara mbili, kichwa na shina! Leo unataka kuwapelekea na wewe wakakule?" Upande wa pili nako, Mama Adow ananipenda kama mwalimu, lakini kama mke wa mwanawe? Nilimsikia mwenyewe akimwambia jirani, "Ni msichana nzuri. Lakini ni mtu ya shamba. Ng'ombe wakilia, yeye nadhani nacheka."

Haya yote ningeyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni Sahra.

Sahra ni mke wa Adow. Alimuacha ana miaka kumi na sita, bibi harusi wa miezi mitatu. Sasa ana ishirini na nane, na nywele hajakata. Na kwao, Tuneya, mume akifa, ndugu yake humuoa mjane, asitoke nyumbani. Wanaiita dumaal. Adow hajafa na hajarudi, kwa hiyo Sahra si mjane wala si mke. Lakini siku itakapojulikana kwamba Adow kafa, wazee watageuza macho wamtazame nani? Gedi. Nami nilikuwa najua hivyo kila nilipoikunjua ile barua. Naomba yule mtu awe hai, si kwa ajili ya mamake. Kwa ajili yangu. Mungu anisamehe.

Sasa leo.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kijiji cha Wema, likaja gari la sinema. Mwenye gari anaitwa James, dereva, fundi, kila kitu yeye. Mfasiri wake kamwacha Malindi na homa. Na mto unapanda, akakatazwa kulala hapa: aonyeshe mchana, avuke kabla ya magharibi. Basi wakafungua ghala la pamba, madirisha wakaziba kwa magunia, shuka nyeupe ukutani. Akauliza nani anajua Kizungu cha kutosha. Watu wote wakanigeukia mimi! Tuneya, nilikuwa na furaha ya kijinga, nikakimbia kubadilisha kanga. Mwanamke kwenye kipaza sauti, haijawahi kuonekana huku!

Narudi, namkuta Gedi amesimama penye ua wa shule. Hakutabasamu.

"Mwalimu, nimezungumza na yule wa gari. Hii sinema si hadithi ya kutunga. Ni jambo lililotokea, Bama. Watu waliofungwa ng'ambo ya mto, wakaenda kuokolewa. Na walioendesha malori ni kampuni ya arobaini na mbili."

Nikasema, "Ya Adow."

"Ya Adow. Mama anakuja. Sahra anakuja. Anasema mwishoni kuna maandishi, ila hakuwa na nafasi ya kunieleza yanasema nini. Nakuomba kitu kimoja. Lolote lililoandikwa pale, lisome kama lilivyo."

"Hata likiwa baya?"

"Likiwa baya ndiyo zaidi. Mama yangu hajalala kitandani tangu barua ile. Analala chini, mlangoni, ati Adow akija asigonge. Inatosha, Mwanaarusi."

Hajawahi kuniita Mwanaarusi kabla ya leo. Nikamwambia, "Na sisi?"

"Sisi niachie mimi. Niamini. Kuna mambo si yangu kuyasema, lakini niamini. Utasoma kama lilivyo?"

"Wallahi nitasoma."

Niliapa! Sikia, niliapa, na jua liko juu yangu.

Ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya marobota. Joto! Nyuzi za pamba zinaelea kwenye ule mwanga wa mashine kama inzi weupe. Sinema yenyewe, ungeiona, moyo ungekutoka. Wafungwa arobaini, wamekonda, wako ng'ambo. Maadui wanakuja kuwahamisha kesho yake. Mashua ni mbili tu. Na malori yanatakiwa yapite msituni bila taa, taratibu, mtu anatembea mbele na kitambaa cheupe mgongoni ili dereva aone pa kupita. Mimi nafasiri, nanong'ona kwenye kipaza sauti, na watu wote wanavuta pumzi pamoja nami.

Halafu mashua zikaingia majini. Wapokomo, watu wetu wa mtoni, wakashindwa kukaa! Babu mmoja akasimama, "We, usikate mto wima! Panda juu kwanza, panda juu, ndio ujiachie!" Mwingine, "Kafi gani hilo, anapiga kama anakoroga uji!" Mashua ikazungushwa na maji kweli, babu akawageukia watu, "Si nimewaambia?" Nilicheka mpaka nikasahau kufasiri. Na wale wachungaji nyuma wanauliza, "Sasa ng'ombe ya hawa watu iko wapi?"

Kisha wakaonekana madereva. Kumi na mmoja. Weusi, wembamba, wamelala kwenye ukingo wa ng'ambo na bunduki, wanawazuia maadui wakati wafungwa wanavuka. Pale kicheko kikaisha. Mama Adow akainuka kwenye mkeka.

"Huyo! Huyo ya tatu! Natembea kama Adow!"

"Mama, hao ni waigizaji," nikasema, na sauti ikatoka nje kwenye bomba, hao ni waigizaji, ng'ambo nzima ikasikia.

"Hata," akasema. "Mimi najua mtembeo ya mtoto yangu."

Hakuketi tena. Alisimama vile mpaka mwisho, shuka ya bega imeshuka, hakuivuta. Wafungwa wakavuka wote, arobaini, wakakumbatiana, watu ghalani wakapiga makofi. Mashua hazikurudi ng'ambo kuwachukua madereva. Maji yakaonyeshwa, matupu. Na yakaja maandishi.

Maandishi meupe juu ya weusi, bila sauti. Niliyasoma mara moja tu, nikayamaliza. Yalisema kwamba mambo haya ni ya kweli. Kwamba madereva kumi na mmoja wa kampuni ya arobaini na mbili walishika ukingo mpaka risasi zikaisha. Kwamba hakuna aliyesalia. Kwamba wamezikwa pale pale kando ya mto.

Na Mama Adow, katika kimya kile, akaniuliza kutoka mbali, "Mwalimu. Iko nini hapo?"

Tuneya, maandishi hayakai. Ni kama kuhesabu mpaka kumi. Nilimtazama Gedi. Kanitikisia kichwa, pole pole, sema. Nikamtazama Sahra, amesimama nyuma ya mkwewe, mkono mmoja umeshika nguzo, midomo imekauka, na huyo Sahra ni mzuri, shoga, nimekwambia kwamba ni mzuri? Na nikaona Ijumaa ijayo. Wazee kwenye mkeka. Fatiha. Na mimi niko Ozi nafukuza ndege kwenye mpunga wa baba.

Nikasema, "Imeandikwa... wale waliobaki walifichwa na watu wa kijiji cha kule. Vita vilipokwisha, njia zilikuwa zimefungwa. Wengine wapo huko mpaka leo. Wako hai."

Nilisikia neno langu likigonga ukuta wa ghala, likarudi. James akainua kichwa kutoka kwenye mashine yake, akanitazama. Mkanda ukaisha, shuka ikawa nyeupe tupu.

Vigelegele! Wanawake walipiga vigelegele mpaka vumbi likashuka darini. Mama Adow akaja amepasua watu kama mashua, akanikamata mikono, akanibusu viganja, huku na huku. "Binti yangu," akasema. Binti yangu! Miezi minane ni Mwalimu, leo binti yangu! Nami, Mungu wangu, nilifurahi. Sitakuficha. Kwa muda wa kama kukunja mkeka, nilifurahi kweli, nikafikiri, kumbe uongo ni kitu chepesi hivi.

Halafu akamgeukia Gedi. "Kesho. Lori ya Mombasa naondoka saa moja asubuhi. Utapanda. Mombasa iko meli. Nenda Bama lete kaka yako."

Na Gedi alikuwa analia, Tuneya. Anacheka na analia. "Ndiyo, hooyo," akamwambia mamake. "Nitamleta."

Aliniamini. Unaelewa? Yeye pia aliniamini.

Alasiri nikaenda kivukoni kumtafuta. Nilijiambia nitamweleza taratibu, ataelewa. Gari la sinema lilikuwa kwenye foleni linangoja kuvutwa, maji mekundu yanapita na magogo. Gedi amesimama kando ya gari, ana karatasi mkononi na kalamu. Hakugeuka niliposema jina lake.

"Nilikuja na kalamu," akasema, anautazama mto. "Nilikimbia kutoka dukani. Nilikimbia kama mtoto, Mwalimu. Nikamwambia James, ndugu yangu, nitajie kijiji hicho, uniandikie kwa herufi nzuri, nisije nikakikosa. Akaniuliza, kijiji gani? Akasema, bwana, hii sinema nimeionyesha mara thelathini, na mfasiri wetu kila mara anasoma wamezikwa."

"Gedi..."

"Wamezikwa au hawakuzikwa?"

"Wamezikwa."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni. Hata kuitupa hakuitupa.

"Nilifanya kwa ajili yetu," nikasema. "Wangekuoza Sahra! Ungefanya nini? Ungewaambia nini wazee?"

"Mimi? Mimi nisingesema kitu. Sahra ndiye angesema." Sasa akanigeukia, na afadhali asingegeuka. "Dumaal haifungi mwanamke kwa kamba. Anaweza kukataa. Sahra aliniambia tangu mwaka jana, Gedi, wewe nilikupaka mafuta ukiwa mtoto, siwezi kukuita mume. Siku nikijua Adow amekufa nitakaa eda yangu, nitamlilia, nitarudi kwa ndugu zangu nikaolewe na mtu ninayemtaka. Lakini nataka kujua kwanza. Hilo tu lilikuwa limebaki. Kujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa siri yake, si yangu. Nilikwambia niamini."

Nikakaa chini pale pale kwenye matope na kanga yangu mpya. "Basi mwambie mama. Nenda sasa hivi umwambie."

Akacheka, kicheko kikavu. "Mimi? Leo watu wote wamesikia kwamba Adow yuko hai. Kesho ndugu yake mdogo anasema, hapana, amekufa. Anayesema ni nani? Ni yule atakayebaki na ng'ombe za Adow. Yule wa kuachiwa mke wa Adow. Watasema Gedi hataki kwenda. Mama atasema nimemuua kaka yangu kwa mdomo. Na James anavuka, harudi mpaka mwakani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitapanda lori. Mama ameniagiza, siwezi kumkatalia. Nitakwenda mpaka nitakapofika, nitafute kaburi."

"Na nikisema mimi?"

 Wavutaji wa kivuko walikuwa wanaita, gari likatiwa moto.

"Ukisema wewe atakuamini," akajibu. "Ni mdomo wako tu anaouamini. Lakini ukimwambia, Mwanaarusi, jua kwamba mimi sitakuwa mlangoni kukusubiri. Uliapa. Ningekuoa hata kama kijiji kizima cha Ozi kingenipiga na makafi. Sasa nikikutazama naiona ile kalamu."

Akaondoka. Sikumfuata. 

Hapana, sijamaliza. Nilikwenda. Nilikwenda kwa Mama Adow, kabla jua halijazama, nimejipanga, nimeyatayarisha maneno. Nafika uani, mbuzi amechinjwa. Wanawake wanaimba. Mama Adow amekaa anakunja nguo za mwanawe, kanzu ya miaka kumi na miwili iliyopita, ananiuliza, "Adow amenenepa sasa? Huko chakula iko?" Anadhani najua! Na pembeni wamemkalisha Sahra kwenye jamvi, wanampaka hina miguuni kama bibi harusi. Mume wake anarudi, si ndiyo?

Sahra akaniita kwa mkono. Nikainama. Akaniambia sikioni, sauti tulivu kabisa, "Mwalimu, nilikuwa karibu kutoka. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja nje." Kisha akanyoosha mguu mwingine upakwe.

Nikafungua mdomo, Tuneya. Wallahi niliufungua. Mama Adow akatia ndani yake kipande cha ini la mbuzi, kwa mkono wake, "Kula, binti yangu." Nikala. Nikameza. Nikaaga, nikaja huku.

Usiniambie pole. Mimi si wa kupewa pole.

Nimefikiri njiani. Nikinyamaza, lori linaondoka, Gedi anakwenda kutafuta kaburi, yule mama anaendelea kulala mlangoni mpaka afe, Sahra anazeeka na nywele zake. Nikisema, Gedi anabaki Garsen, duka lile liko hatua mia mbili kutoka hapa, na kila nikienda kununua chumvi ataangalia mizani. Huku namkosa na huku namkosa. Lakini upande mmoja, angalau, mtu mmoja atapata kumlilia mwanawe, na mwingine atatoka.

Kwa hiyo nishikie darasa langu asubuhi, wape watoto hesabu, watulie. Adhana ya alfajiri ikiisha mimi nitakuwa uani kwa Mama Adow, kabla lori halijatiwa moto. Nitasoma maandishi yale kama yalivyo, neno kwa neno, mpaka hilo la mwisho, na atakachonifanyia anifanyie. Usiniulize atafanya nini, wala Gedi atafanya nini akisikia, sijui, mimi sijui chochote leo. Zima taa. Kesho nikirudi, ikiwa bado nina sauti, nitakaa hapa hapa kitandani kwako nikwambie yaliyobaki.